Dakika Tisa za Babu Yako

Kinondoni, Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Kassim,

Salamu zangu umeamka nazo leo na utalala nazo, kwa hiyo sianzi nazo. Naanza na saa.

Jana nilipokuletea saa ya babu yako uitie kwenye mzigo wako wa Songea, uliitazama, ukacheka, ukaisukuma kwa kidole kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilichochacha. Ukasema, "Aa, Mama, hiyo si ndiyo ile ya Dakika Tisa? Niache mie, nitatafuta ya elektroniki. Babu mwenyewe ilimshinda, alikuwa haioni." Niliirudisha kabatini, nikaenda kupiga pasi shati ambalo nilikuwa nimeshalipiga pasi.

Tangu hapo sijatulia. Leo nimejaribu kukwambia mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unakunywa chai, ukaniambia nisikutazame hivyo, huendi vitani, unakwenda chuo cha ualimu. Mara ya pili shangazi zako wakaingia na kapu la visheti. Mara ya tatu nilifungua mdomo kabisa, na kilichotoka ni swali kama umechukua mswaki. Sasa umekwenda kwa kinyozi na wenzako, nyumba imenyamaza, na karatasi haiwezi kunikatiza. Habari za chandarua, za dawa ya malaria, za nani wa kumsalimia njiani, umeambiwa na kila mtu mpaka umechoka, mimi sitatia hata moja. Ninalo jambo moja tu ninalotaka ulijue kabla hujaondoka. Babu yako alikuwa anaona. Macho yake yalikuwa mazima mpaka siku tuliyoyafumba. Dakika tisa zile zilikuwa zangu.

Nimeandika hayo nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni kuona kama unarudi. Huji. Naendelea.

Wewe umepata fahamu umenikuta na saa. Tangu u mdogo umeniona nimeinama mezani na kibano mkononi, pengine hujawahi kujiuliza mama wa watu aliingiaje huko. Niliingia kwa mlango wa kiwandani, Mikocheni, tulikokuwa tukiunganisha redio. Kazi yangu ilikuwa kukagua nyaya na kurudishia skrubu zilizolegea, na mkono wangu ukazoea vitu vidogo. Kisha biashara ikafunguliwa, redio za nje zikaanza kuingia kwa makontena, nyepesi, zinang'aa, na zetu zikabaki ghalani. Tuliambiwa tukapumzike kidogo nyumbani. Mpaka leo tunapumzika.

Makontena hayo hayo ndiyo yaliyoleta saa. Unakumbuka zilivyokuwa zimemwagwa Kariakoo juu ya maturubai, nyingine hazimalizi mwezi zimeshakufa. Watu walizitupa, mimi nikaziokota. Sikuwa fundi wala sikutaka kuwa fundi. Fundi anairudisha saa ilivyokuwa, na mimi nilitaka kuona itakuwaje nikiigeuza. Niling'oa mishale ya hii nikaipa ile. Nilipaka nyuso rangi. Nilichukua mtambo wa saa ya kike nikauvisha kasha la saa ya kiume, ukachezacheza kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Na baba yako, kila akirudi na lori lake, alikuwa akiwaambia watu kwamba nyumba yake ina saa kumi na saba na ukitaka kujua saa ngapi unamuuliza jirani.

Niliharibu nyingi. Uso wa saa ya shangazi yako Mwantumu niliusafisha kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, namba zote zikafutika, ukabaki mweupe kama yai. Ya jirani niliifunga mfuniko nikasahau ule mpira wake, akaenda nayo kufua, ikajaa maji. Nilicheka, na wao baada ya kununa walicheka. Nakutajia haya ujue kwamba sikuwa mwoga wa kukosea. Nilikuwa najisifu nalo hasa. Nilikuwa nasema kila saa niliyoiua imenifundisha namna ya kutoiua nyingine. Ni rahisi kusema hivyo wakati hakuna aliyeumia.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mwadhini wa msikiti wetu tangu mimi sijaolewa. Saa yake ni hii unayoijua, ya kutia ufunguo, ina kidirisha kidogo cha tarehe. Alikuwa na ugomvi nayo usiokwisha. "Saa gani hii," alikuwa akisema. "Jua limechomoza, ni saa moja, yenyewe inanionyesha saba. Kila siku nianze na hesabu?" Sisi wengine tumezoea, mshale ukiwa kwenye saba ulimi unasema saa moja wenyewe. Yeye hakuzoea, au hakutaka kuzoea, alikuwa mbishi kama wewe. Siku moja nikamwambia, "Baba, nipe mie. Nitaifanya iseme Kiswahili."

Nilikaa nayo siku nne. Akili yangu ikanituma nigeuze uso wa saa juu chini, ili ile moja ikae mahali pa saba. Nikavunja vimiguu viwili vinavyoushika uso, nikaugeuza, nikaubandika kwa gundi ya viatu. Nikaona mshale mfupi unasoma sawasawa, nikapiga kigelegele peke yangu humu ndani. Kisha nikatazama mshale mrefu. Saa moja kamili ilikuwa inasomeka saa moja na nusu, na kidirisha cha tarehe kimehamia upande usio na tarehe. Babu yako akaja, akaishika, akaitazama huku na huku. Akaniuliza kwa upole, "Hivi, mwanangu, ungeuacha uso ulivyo, ukasogeza tu mishale mbele kwa saa sita, si ingesema saa moja?"

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akacheka mpaka kofia ikamdondoka, nami nikacheka, na nadhani siku ile tulikuwa watu wawili wenye furaha kuliko wote Kinondoni. Kwa kuwa uso nilikwisha uvunja, nikachora mwingine. Unaujua. Tarakimu za Kiarabu, kubwa, nyeusi, kwa wino nilioutia kwa ncha ya sindano, na mishale mipana niliyoitoa kwenye saa tatu tofauti. Kazi hiyo sijawahi kuifikia tena.

Tena kulitokea kitu ambacho sikukikusudia. Kwa sababu mishale imesogezwa saa sita, tarehe haikugeuka tena usiku wa manane. Ilianza kujisogeza jioni, na jua likizama ilikuwa imeshageuka. Wazee wetu wanahesabu hivyo, usiku unatangulia mchana wake, na Alhamisi ikizama watu wako usiku wa Ijumaa. Saa ikawa inahesabu na wazee. Niliijaribu mezani kabla sijamkabidhi, nikamwita aone namba inavyopanda kidirishani wakati kuku wanaingia bandani. Akasema, "Sasa hii ndiyo saa."

Sasa tulia unisikilize.

Ilikuwa bado kurudishia skrubu moja nyuma ya mtambo. Ilidondoka. Ni ndogo kuliko chenga ya mchele, na sakafu yetu wakati ule ilikuwa ya udongo. Nilipekua kwa mikono, nikafagia, nikachekecha vumbi kwa chekecheo la unga. Mwisho nikakumbuka sumaku niliyokuja nayo kutoka kiwandani, imetoka kwenye spika iliyopasuka. Nikaipitisha chini, skrubu ikaruka ikanasa. Nilifurahi sana. Nikaiweka ile sumaku mezani, ubavuni kwa saa iliyo wazi, nikaenda kuangalia maharage yangu ya futari, nikarudi baada ya muda mrefu nikafunga mfuniko. Kwamba sumaku na saa hazipatani nilijua. Kiwandani tuliambiwa tuvue saa zetu kila tunapokaa meza ya spika. Lakini yale yalikuwa ya kazini, na hapa nilikuwa najifurahisha.

Nilimkabidhi kesho yake asubuhi, siku ya sita ya Ramadhani. Niliisawazisha na redio kwenye taarifa ya habari ya saa moja, betri zikakata roho taarifa haijaisha.

Mwaka ule mfungo uliangukia masika. Mawingu yalifunga tangu asubuhi, jua hatukuliona hata mara moja, na umeme ulikuwa wa mgao. Wewe ulikuwa na miaka kumi, na siku hiyo uliapa kufunga mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Saa nane ulilala sakafuni ukasema unaona nyota. Nilikwambia ule, hakuna atakayekulaumu. Ukakataa. "Babu kasema nikifika magharibi ataniombea dua mbele ya watu wote." Ukajikokota mpaka mlangoni, ukakaa hapo, ukangoja.

Mtaa mzima ulikuwa umemtegea sikio babu yako. Akaadhini. Ulichukua tende, ukafumba macho, ukaitafuna polepole kama mtu mzima. Nikakumiminia uji. Ulikuwa umemaliza kikombe, nakuongezea cha pili, niliposikia msikiti wa ng'ambo ya bonde unaanza kuadhini. Halafu mwingine kule Mwananyamala. Ukaniuliza, "Mama, mbona wanaadhini tena?" Uji ukamwagika mkekani.

Kuna mtu alikuwa na saa barabarani akahesabu. Zilikuwa dakika tisa.

Nilijua pale pale, Kassim. Habari ya sumaku sikuijua bado, ila kwamba ni saa nilijua, kwa maana macho ya baba yangu niliyafahamu. Usiku baada ya tarawehe tulikaa nyuma ya pazia la wanawake tukisikiliza. Imamu alisema kila aliyefungua atalipa siku moja, na hakuna haja ya ugomvi. Lakini Mzee Shomari, ambaye wakati ule alikuwa msaidizi wa babu yako, akasimama akauliza mbele ya watu, "Mzee, ulitazama nini?"

Babu yako akajibu, "Nilitazama saa. Macho yangu yamezeeka, yamesoma vibaya. Nampisha Shomari aendelee na kazi."

Nami nyuma ya pazia nikaona nafuu. Neno hilo limenisumbua kuliko yote, nimelikata mara mbili na nimelirudisha. Niliona nafuu. Nilivuta pumzi. Wanawake wote pale walijua ni nani anayechezea saa mtaani, na nilikuwa nangoja mmoja ageuke anitazame. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu mzee mwenyewe amekwisha sema ni macho.

Wewe ulilia siku mbili. Hukutaka kumwona. Watoto wenzako wakakuita Dakika Tisa, ukarudi na shati limechanika, na jina likakuganda. Hata sasa hivi nimesikia kutoka kwa kinyozi mtu akiliita, na wewe ukaitika.

Wiki iliyofuata niliichukua saa nikaenda nayo mjini kwa Bwana Akberali, yule fundi wa Kihindi mwenye duka jembamba. Msikiti wake na wetu ni mbalimbali, lakini midomo yake ilikuwa imekauka kwa funga kama yangu. Hakuifungua hata. Alitoa dira ndogo, akaishusha juu ya saa, na mshale wa dira ukaruka ukageuka. "Dada," akasema, "hii saa imekula sumaku. Ule utepe wa ndani unashikana wenyewe, basi anakimbia. Nani amempa sumaku?" Nikasema sijui. Akaipitisha kwenye pete kubwa iliyozungushiwa waya wa shaba, mara moja, akaivuta polepole, akanirudishia.

"Kwisha," akasema.

"Kwisha?"

"Kwisha. Sasa anakwenda vizuri."

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja nikalia, mpaka akamwita mkewe kutoka nyuma. Walidhani nimefiwa. Ilikuwa imechukua muda wa mtu kupiga chafya.

Nilirudi nikamkuta babu yako peke yake, anakata kucha. Nikamwambia yote, ya skrubu, ya sumaku, ya maharage. Akaendelea kukata kucha. Nilipomaliza akasema, "Mie nilijua tangu pale pale juu mnarani. Nilisikia wenzangu wanaadhini, nikaitazama tena. Nilipoanza ilikuwa inasema saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne kama ratiba, na wao walipoanza ilikuwa imeongeza tisa juu yake. Nimeisoma vizuri kabisa."

"Sasa kwa nini umesema macho?"

"Ningesema saa, wangeuliza nani kaigusa."

"Basi kesho nitakwenda kusema mie, Baba."

"Usiende. Umeachishwa kazi, mumeo yuko barabarani, kitu kimoja unachokipenda ni hicho. Wakikuanza hawatakuacha. Watasema mwanamke ndiye aliyewafuturisha watu mchana, na hutashika kibano tena." Akakunja kisu chake. "Macho ni yangu, na nitayasema nipendavyo."

Ningeweza kukataa. Mtu mzima, nina mtoto, nina miguu. Msikiti uko hatua mia kutoka hapa. Nikasema, "Sawa, Baba," kama msichana anayeambiwa asitoke nje kuna mvua. Na saa ile akaivaa tena, akaivaa kila siku, watu wakiona wakatikisa vichwa.

Sasa ninafika penye jambo ambalo wewe umo. Aliyesema haoni lazima aishi kama asiyeona. Unakumbuka alivyoanza kukuita umshike mkono kwenda msikitini? Mwanzo ulikuwa unaburuta miguu kwa hasira, baadaye ukazoea, ukawa unamwambia penye shimo na penye dimbwi. Unakumbuka alivyokuwa akikupa gazeti la juzi umsomee, ukikosea neno anakwambia rudia, ukiuliza maana anakueleza? Alijuaje kwamba umekosea, Kassim? Alikuwa analisoma na yeye, juu ya bega lako. Miaka miwili ulimsomea. Ulianza darasa la nne ukisoma kwa kukwama, ukafika la sita unasoma kama mtangazaji. Mwalimu wako alipouliza nani anakufundisha nyumbani ulisema hakuna, mimi ndiye ninayemsomea babu yangu kipofu.

Wiki mbili kabla hajafariki nilikuwa nahangaika na uzi wa cherehani pale dirishani. Akaninyang'anya sindano, akatunga mara moja tu, akanirudishia, akanikonyeza. Ndipo nilipotoka nje nikalie peke yangu.

Nilipanga kusema kwenye arubaini yake. Nikasema nitasema ukimaliza la saba. Kisha watu wakaacha kuizungumza, isipokuwa kwa utani, nikajiambia kuyafukua ni kumsumbua marehemu. Huwezi kujua nilivyo hodari wa kutafuta sababu. Mtambo wa saa una magurudumu machache kuliko sababu zangu.

Unakwenda kujifunza kufundisha. Watoto watakosea mbele yako kila siku, na wewe utakosea mbele yao, na hilo sitakuelekeza, chuo kipo. Ninachokijua mimi ni kidogo. Mkono wangu umekosea mara nyingi na kila mara nililala usingizi. Siku ile moja tu nilimwachia mtu mwingine alibebe kosa langu, na tangu hapo saa zikinitoka mkononi nashtuka, na nikisikia magharibi naacha ninachofanya nihesabu. Umewahi kuniuliza kwa nini ninasimama uani kila jioni. Nilikwambia napunga upepo.

Sasa nimekukasirikia wewe, na huna kosa. Ulivyoisukuma ile saa jana. Lakini uliisukuma kwa mkono wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kwamba babu yako alikuwa haoni. Siwezi kukaa hapa kukuandikia wewe unayeondoka, nikawaacha wanaobaki wanaendelea kucheka. Naiacha kalamu. Navaa baibui, saa naitoa kabatini.

*

Nimerudi.

Nilimkuta Mzee Shomari anajaza pipa la udhu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama mgeni wa Songea amekwisha funga mizigo. Nikaiweka saa juu ya ukuta mfupi kando ya pipa nikamwambia nikiwa nimesimama hivyo hivyo, kwa haraka, kabla mdomo haujauliza habari za mswaki. Aliacha maji yakafurika yakamlowesha kanzu.

"Mie nilimuuliza mbele za watu," akasema.

"Ndiyo."

"Na nikachukua nafasi yake."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwepo nyuma ya pazia."

"Nilikuwepo."

Akafunga bomba. "Mama Kassim, hukufanya vizuri."

"Najua."

"Hukufanya vizuri hata kidogo. Mie nimemtania yule mzee kwenye baraza mpaka anakufa. Anacheka na sie, anasema jamani macho haya." Akakaa chini kwenye jiwe la kuoshea miguu, akajifuta uso kwa kilemba, na sikumtazama zaidi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sikufanya vizuri. Nilikuwa nayahitaji maneno hayo, na yaliponifikia yaliniuma kama nilivyostahili.

Baada ya muda akaiokota saa, akaiweka sikioni. "Sasa inakwenda sawa?"

"Tangu imetoka kwa Akberali haijakosea. Naitia ufunguo kila siku."

Akailinganisha na yake, akangoja, akailinganisha tena. "Ijumaa nitasema mwenyewe baada ya sala," akasema, "kwa mdomo huu huu niliomuuliza nao. Wewe ukae pale pale nyuma ya pazia, usikimbie. Hii niachie mpaka magharibi."

Ijumaa wewe utakuwa umeshafika Songea, ndiyo maana barua hii lazima uipate.

Anaadhini sasa, Kassim. Nimesimama uani na karatasi nimeiegemeza ukutani. Wewe uko huko nje na kichwa chako kipya, unaisikia sauti hii kama unavyoisikia kila siku, na hujui kwamba leo Mzee Shomari anasoma saa ya babu yako. Msikiti wa ng'ambo ya bonde umeingia hapo hapo, sauti mbili kwa pamoja. Sikupata nafasi ya kuhesabu hata moja.

*

Umeingia sasa hivi kutoka kuswali. Umenyolewa vizuri, ila masikio yamezidi. Umeniwekea kitambaa kilichofungwa, ukasema, "Mzee Shomari kasema nikupe mwenyewe mkononi. Alikuwa analia, sijui ana nini." Ukaingia chumbani. Nakusikia unaimba, unavutana na zipu ya begi. Umeibeba mwenyewe kutoka msikitini mpaka hapa, na hukujua.

Nimefungua kitambaa nikaitazama kwenye taa. Namba kidirishani imeshageuka. Kwa saa zenu nyingine zote unaondoka kesho, kwa hii siku yako ya kuondoka imeshaingia, ndiyo maana sikai vizuri kwenye kiti.

Nimeitia ufunguo, naikunja ndani ya kanzu yako ambayo hujaitia begini, barua hii chini yake, utavikuta pamoja. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki, ila uandike. Saa usiifungue mpaka uwe na meza safi, na ukiifungua, uifungue kweli, uharibu, utengeneze, nitafurahi. Na siku mwanafunzi wako akikuuliza ni saa gani hiyo ya ajabu, mwambie ilitengenezwa na mama yangu, aliyekosea. Ilivaliwa na babu yangu, mwadhini wa Kinondoni, ambaye macho yake yalikuwa mazima.

Mama yako